Maswali na majibu: hozi ya tabo iliyojificha nyuma ya injini

Safari hii maswali mengi ni ya dizeli zenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa, na karibu yote yanaangukia kwenye mpira mmoja, yaani hozi: ule unaotoa hewa kwenye tabo kuipeleka intakula, kipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, uliobanwa nyuma ya injini mahali ambapo mkono hauingii. Nimechagua haya.

Swali: Fundi, gari langu limeishiwa nguvu mlimani na linatoa moshi mweusi. Kompyuta imesoma P0299, gereji wanasema tabo imekufa. Ninunue nyingine?

Usinunue chochote kwanza. P0299 inasema msukumo wa hewa ni mdogo kuliko injini ilivyotarajia, basi. Hozi ikipasuka, namba inayosomeka ni hiyohiyo. Na moshi mweusi unanifanya niishuku hozi zaidi: kwenye magari mengi sensa ya hewa iko kabla ya tabo, kwa hiyo hewa imeshahesabiwa, dizeli imeshapimwa kufuata hesabu hiyo, kumbe sehemu ya hewa imetokea kwenye ufa njiani. Dizeli inakosa hewa ya kuiunguza na kugeuka masizi.

Nimeandika hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika: fundi anayekuuzia tabo kabla hajashika hozi kwa mkono wake anabahatisha kwa pesa yako. Mwambie akuonyeshe, kwa taa, kila kiungo kuanzia tabo hadi intakula, na kuanzia intakula hadi injini. Kisha usichelewe. Kama gari lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, huenda moshi usiuone kabisa, lakini masizi yanajaa humo ndani na utajikuta na matatizo mawili.

Swali: Nimefungua boneti injini ikiunguruma, sijaona ufa wala kusikia kitu. Si ina maana hozi ni nzima?

Hapana. Gari likiwa limesimama tabo haisukumi hewa ya maana, na ufa mwingi hufunguka pale tu presha inapopanda. Zima injini, iache ipoe, kisha pitisha vidole upande wa chini wa hozi, kwenye kona, na pale inaposugua chuma. Ikunje kidogo. Ukikuta utando mweusi wa oili iliyoshika vumbi sehemu moja tu, hapo ndipo inapovuja. Gereji yenye mashine ya moshi, inayopuliza moshi ndani ya mabomba uone unapotokea, itakuonyesha tundu bila kubahatisha.

Swali: Naweza kuizungushia selotepu?

Ya kukufikisha gereji, ukienda taratibu bila kukanyaga mafuta. Zaidi ya hapo, hapana.

Swali: Nimejaribu kuitoa kutoka juu mpaka vidole vimechubuka. Klipu naiona, spana haifiki. Nifanyeje, kaka?

Acha kuing'ang'ania kutoka juu. Hozi za namna hii mara nyingi hutoka kwa chini, au kupitia upande wa tairi la mbele. Inua gari, liweke juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Toa bamba la chini ya injini. Toa tairi na plastiki ya ndani ya madigadi. Juu, toa boksi la chujio la hewa, na ikibidi betri na kitako chake. Watu wanaona hatua hizi ni kupoteza muda, halafu wanavunja kichwa cha sensa au kupasua hozi nyingine iliyo jirani kwa kulazimisha bisibisi.

Kabla ya kutoa, piga picha ujue klipu ilitazama wapi. Kama kiungo kinafungwa kwa waya wa chuma unaobana, usikizungushe kwa nguvu: vuta waya mpaka ujiachie, tikisa hozi kidogo, kisha ivute ikiwa imenyooka. Oringi iliyo ndani, ule mpira wa duara unaozuia uvujaji, ibadilishe.

Hozi ikitoka, ziba midomo yote miwili mara moja kwa kitambaa safi kikubwa kisichoweza kumezwa. Tabo ya gari dogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na nati ndogo ikiingia upande wake wa kuvuta hewa inakata mapanga yote.

Unaporudisha, linganisha alama ya kwenye hozi na ile ya kwenye bomba. Kiungo cha waya lazima kilie "ta". Kisha kivute kwa nguvu uhakikishe.

Swali: Nina mpira wa rejeta wenye kipenyo kilekile. Unafaa?

Haufai. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa maji. Ukikutana na oili unavimba, unalainika na kupasuka. Hata silikoni ya kawaida hupenyezwa na oili. Tafuta hozi ya tabo yenye tabaka la ndani linalohimili oili.

Swali: Gari langu halina nguvu, tatizo nini?

Gari gani? Injini ipi? Lilianza lini, linatoa moshi wa rangi gani, kompyuta imesoma nini? Maswali ya namna hii yanakuja kila mara, na anayeyajibu bila kuuliza anakudanganya.

Swali: Hozi mpya imechomoka siku ya pili. Ni feki?

Huenda uliipaka grisi ili iingie kirahisi. Wengi hufanya hivyo. Safisha ndani ya hozi na bomba mpaka vikauke, tumia maji ya sabuni kidogo tu, na klipu ikae nyuma ya ukingo wa bomba.

Swali: Ndani ya hozi ya zamani nimekuta oili. Tabo imekwisha?

Utando mwembamba ni kawaida, kwa sababu mvuke wa injini hurudishwa kwenye njia ya hewa. Oili inayomwagika ukiinamisha hozi ni jambo jingine. Usiwashe gari kabla hujatoa intakula, kuimwaga na kuisafisha, na kujua oili inatoka wapi. Dizeli inaweza kuinywa oili hiyo kama mafuta na kupandisha mzunguko yenyewe, na hapo kuzima ufunguo hakusaidii. Kwa gari la gia za mkono: kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ghafla izimike. La otomatiki huzimwa kwa kuzibwa mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao mgumu, kamwe si kwa kiganja, na kama huufikii kwa usalama, ondoka na uwaondoe watu karibu.