Damu chooni kwa mzee: tusikimbilie kusema ni bawasiri

Baba alipoona damu chooni, alikuwa na jibu lake tayari: "Ni bawasiri hiyo, ninayo tangu ujana." Na kweli alikuwa nayo. Ila kuwa na bawasiri hakumzuii mtu kuugua kitu kingine, na uzee ndio umri ambao hicho kingine huwa kinajitokeza.

Anzeni na rangi. Damu nyekundu mbichi inayodondoka baada ya haja mara nyingi hutoka chini kabisa: bawasiri, au mchaniko wa choo kigumu, ambao huuma sana. Nyekundu iliyokolea, imechanganyika na kinyesi, huwa imetoka juu zaidi kidogo. Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, hapo fikirieni vidonda vya tumbo. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hutia choo weusi, kwa hiyo ulizeni kwanza.)

Jambo ambalo familia nyingi hulisahau ni dawa. Daktari alimwomba baba amwage mezani kila anachomeza, hata cha kununua mwenyewe dukani. Ikatoka aspirini ya moyo, na chini yake diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, aliyokuwa akiimeza kila siku bila kumwambia mtu. Dawa hizo mbili zikikutana kwa mzee, tumbo huvuja damu kirahisi. Warfarini na wenzake wa kuzuia damu kuganda nao huzidisha. Lakini dawa ya moyo msiikatishe wenyewe; hilo ni la daktari kuamua.

Kuna pia vifuko vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana kadiri umri unavyosogea. Hivi huweza kumwaga damu nyingi ghafla, bila maumivu yoyote. Amiba na kuhara damu havichagui umri.

Saratani ya utumbo mpana ndiyo tunayoiogopa kuitaja. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo ambacho huchukua miaka kugeuka, na kikionekana mapema hukatwa wakati wa kipimo chenyewe cha kamera, ile inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo. Mzee akianza kukonda, kuchoka ovyo, au choo chake kikibadilika kwa wiki kadhaa, msisubiri damu ionekane. Upungufu wa damu usio na sababu kwa mtu mzima unatosha kumpeleka.

Akitoa damu nyingi, akihisi kizunguzungu, moyo ukimwenda mbio au akizirai, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Kuhusu kamera, baba aliiogopa bure. Alipewa dawa ya usingizi, akakutwa na kinyama, kikatolewa palepale. Kazi ilikuwa siku iliyotangulia, ya kusafisha utumbo: kwenda chooni kila mara, miguu imelegea. Mtu alale karibu naye, taa ya njiani iwake, na anywe maji kwa kadiri alivyoelekezwa.