Trekta Massey 135 inayumba, usukani unacheza

Mkuu, kama usukani unazunguka karibu robo ndo tairi ziitike, usikimbilie kufungua stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani. Zima injini, mtu akae juu achezeshe usukani kulia kushoto, we inama ushike kila tairodi endi (kiungo cha ncha ya chuma kinachogeuza tairi) kwa mkono, iliyokufa utaisikia inagonga kwenye kiganja kabla hata hujaiona. Hiyo badilisha, nakuomba usichomelee, ikichomoka mteremkoni na trela nyuma hapo ni kifo. Halafu piga jeki ekseli ya mbele, weka na magogo, tikisa tairi juu chini, ikicheza ni beringi au bushi za kingpini, ile pini ambayo tairi la mbele hugeukia. Yangu ilikuwa pini ya katikati ya ekseli, imelika upande mmoja mpaka imekuwa kama yai, nikachongesha mpya. Boksi iguse mwisho kabisa, na oili yake uangalie kwanza.