Maharage yaliyoidhinishwa Tanzania: tufanyeje ili tuyauze kama mbegu Zambia na Malawi?

Swali: Tuna kampuni ndogo ya mbegu hapa Mbeya. Tunazalisha kwa leseni aina ya maharage iliyotoka kwa watafiti wa TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania), kituo cha Uyole, na imeshaidhinishwa Tanzania. Wanunuzi wa Zambia na Malawi wanaitaka. Kuna wanaotuambia kwamba SADC imeondoa majaribio ya kila nchi, na wengine wanasema tutaanza moja huko. Ukweli ni upi, na tuanzie wapi?

Jibu: Kila mmoja amewapa nusu ya habari. Makubaliano ya SADC ya kuoanisha kanuni za mbegu, yaliyoanza kutumika 2013, yanasema hivi: aina ikishaidhinishwa katika nchi mbili wanachama, inaweza kuombewa nafasi kwenye katalogi ya aina za mbegu ya SADC, inayosimamiwa kutoka Lusaka. Ikishaingia humo, inaweza kuuzwa katika nchi nyingine wanachama zenye mazingira ya kilimo yanayofanana, bila kuidhinishwa upya kila mahali. Nyinyi mna nchi moja. Kinachowakosesha soko kwa sasa ni hiyo ya pili tu.

Kabla ya yote, isomeni upya leseni yenu. Leseni nyingi za aina za umma zinataja eneo la kuzalisha na kuuza, na mara nyingi eneo hilo ni Tanzania pekee. Mwenye aina ni TARI, kwa hiyo maombi ya nchi ya pili na ya katalogi yanapaswa kutoka kwake au kwa ridhaa yake ya maandishi, na ijulikane nani atatunza mbegu mama. Jambo hili likiachwa hadi mwisho, mtagharimia majaribio ya misimu mizima halafu faili likwame mezani kwa kukosa barua moja.

Sasa nchi ya pili. Wengi hukimbilia Zambia kwa sababu Tunduma ni karibu. Tazameni udongo na mwinuko kwanza. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake ni wa volkano. Kasama, ambako kituo cha Misamfu cha taasisi ya utafiti ya Zambia, ZARI, hushughulikia maharage, iko kama mita 1,400, mvua yake hupita milimita 1,000 kwa mwaka na udongo una tindikali. Aina inayong'ara Uyole inaweza kunyauka huko kwa sumu ya aluminiamu na uhaba wa fosforasi, na matokeo mabaya mkishayawasilisha yatabaki kwenye kumbukumbu. Dedza nchini Malawi, karibu mita 1,600, inafanana zaidi na Nyanda zenu za Juu. Kwa maoni yetu anzeni Malawi. Zambia itafuata kupitia katalogi, kwa yale maeneo yake yanayofanana.

Hapa ndipo ushirikiano wa watafiti unapowapunguzia kazi. Watafiti wa maharage wa Tanzania, Malawi na Zambia wamekuwa wakibadilishana mistari (mbegu za utafiti ambazo bado hazijapewa jina) na takwimu kwa miaka mingi kupitia mtandao wa maharage wa kusini mwa Afrika, ulio chini ya PABRA, muungano wa utafiti wa maharage Afrika. Huenda mstari uliozaa aina yenu umeshapandwa Malawi, ukiwa na namba tu. Waulizeni TARI Uyole wawatafutie matokeo hayo kwa namba ya mstari, si kwa jina la biashara, maana majina hubadilika mpakani: mstari wa CAL 143, kwa mfano, Malawi unaitwa Napilira. Ikigundulika kwamba aina yenu ina jina jingine huko, kubalianeni juu ya jina moja kabla ya kupeleka maombi. Majina mawili kwa aina moja ni sababu tosha ya kurudishiwa faili.

Faili lenyewe linahitaji uthibitisho wa uidhinishaji wa nchi zote mbili, matokeo ya DUS (utofauti, ufanano na uthabiti), matokeo ya VCU (thamani ya kilimo na matumizi) na sampuli ya rejea ya mbegu. Kwenye VCU msiweke wastani peke yake. Onyesheni kila kituo, kila msimu, na aina ya kulinganishia iliyotumika. Faili linapitia kwa mamlaka ya mbegu ya nchi. Msilipeleke Lusaka wenyewe.

Katalogi inaruhusu aina. Mzigo una taratibu zake, na ndiko wengi wanakokwama. Nchi inayopokea huweka masharti ya afya ya mimea kwenye kibali cha kuingiza, na kwa maharage sharti la kawaida ni shamba kukaguliwa mimea ikiwa hai kwa ajili ya magonjwa yanayosafiri na mbegu, kama baka bakteria. Ukiomba kibali baada ya kuvuna, sharti hilo halitimiziki tena, hata mbegu ziwe safi namna gani. Kwa hiyo ulizeni masharti kabla ya kupanda, kisha mwiteni mkaguzi kabla ya maua. Cheti cha afya ya mimea chenyewe kichukuliwe mwishoni kabisa, lori likiwa tayari.

Sampuli nayo ina hesabu yake. Tani 10 katika mifuko ya kilo 50 ni mifuko 200. Kwa kanuni za ISTA, shirika la kimataifa la upimaji wa mbegu, loti (fungu moja la mbegu linalopimwa pamoja) ya mifuko 60 na kuendelea hutolewa sampuli za awali zisizopungua 30, zinachanganywa, kisha maabara hupelekewa angalau kilo 1, pamoja na gramu 100 za kupimia unyevu kwenye mfuko usiopitisha hewa. Loti moja ya maharage isizidi tani 30. Kipimo cha uotaji hutumia mbegu 400 na huchukua siku 9, hivyo msimwahidi mteja mzigo ndani ya wiki. Lebo ya kizazi cha kwanza cha mbegu zilizothibitishwa ni ya bluu, cha pili ni nyekundu. Mbegu za kuazimiwa ubora (QDS, daraja la mbegu za wakulima) msizipangie safari ya nje, kwani hapa nyumbani penyewe zina mipaka ya eneo la kuuzia.

Maharage yakifeli uotaji, msikimbilie kulaumu maabara. Chukueni mche uliofeli, mtazame sehemu yake ya juu: kama mzizi upo na shina lipo lakini kichomozo cha majani kimekatika, mbegu ilipigwa ikiwa kavu mno. Pureni unyevu ukiwa kwenye asilimia 14 hadi 16, kwa fimbo nyepesi au mashine iliyopunguzwa mwendo, ndipo mkaushe zaidi kwa ajili ya ghala. Msidondoshe mifuko kutoka juu ya lori pia. Jeraha hilohilo hupatikana stoo, baada ya cheti kutoka.

Mtasikia pia habari za katalogi ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo uidhinishaji wenu wa hapa hauhesabiki huko. Zambia na Malawi ni wanachama. Siku aina yenu ikiidhinishwa kikamilifu katika nchi zote hizo mbili, njia hiyo nayo itafunguka, na huenda ikawafikisha hadi Uganda na Kenya.