Mvuto wa tatu watetemesha mikono, mbona kifua hakifunguki zaidi?

Swali: Daktari, nina pumu na naendesha tuktuk Kisauni. Nikivuta inhela ya buluu mara mbili, kifua hufunguka. Nikiongeza wa tatu na wa nne, mikono hutetemeka na moyo huenda mbio, lakini pumzi ni ileile. Kwa nini?

Jibu: Kaka, waijua feri ya Likoni. Ikiwa tupu, kila anayeteremka anapata pa kusimama. Ikishajaa, hata watu elfu wakisukumana getini, hawavuki zaidi. Misuli inayozunguka mirija ya mapafu yako ina vipokezi viitwavyo beta-2, na hizo ndizo nafasi zenyewe. Salbutamoli, dawa iliyo ndani ya inhela yako ya buluu, ikishika kipokezi, msuli hulegea na mrija hutanuka. Kila mvuto una mikrogramu 100. Mivuto ya mwanzo hukuta nafasi tele, ndiyo maana nafuu yake ni kubwa. Kadiri unavyoongeza, nafuu inayoongezeka huwa ndogo, mpaka inakoma.

Ila dawa iliyozidi haingoji feri ijayo. Huingia kwenye damu ikatafuta vipokezi kwingine: beta-2 ya misuli ya mikono, na ya moyo, ambao pia una beta-1, aina nyingine ya kipokezi. Kwa dozi ndogo huko hakuonekani kitu. Kwa dozi kubwa, mikono huanza kucheza wakati kifua kimeshafika mwisho wake.

Mimi kinachonitia wasiwasi si mikono, ni idadi. Ukiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, mirija imevimba ndani, na uvimbe huo salbutamoli haiutibu. Nenda kliniki uulizie inhela ya kinga yenye steroidi. Ukiitumia ya buluu kila siku, vipokezi navyo hupungua. Tena nionyeshe unavyovuta: wengi hapa kaunta hubonyeza kabla hawajaanza kuvuta, dawa ikaishia ulimini.

Shambulio kali ni jambo jingine. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, endelea kuvuta huku ukipelekwa hospitali. Mikono itatulia baadaye.

Na usiazime kidonge cha propranololi cha jirani kutuliza moyo. Hukalia nafasi zilezile bila kulegeza msuli, na mirija ikibana, salbutamoli hukuta pamejaa.