Kabla ya Kulipia Chumba Ugiriki, Uliza Upepo

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja anayeishi Ujerumani kama mimi, akiniomba nimkagulie ratiba ya likizo yake ya Agosti nchini Ugiriki: Mykonos, Paros, Naxos, Santorini na Amorgos, vyote kwa siku 10, na mwishoni ameandika kwamba lengo lake hasa ni kupumzika. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa ratiba ile ni yangu mwenyewe ya miaka minne iliyopita, ila yangu ilikuwa ya visiwa vinne na siku 9.

Nilizaliwa Pemba, na utotoni sikumwona mtu mzima akifunga safari ya chombo bila kuuliza upepo. Kaskazi ina mambo yake, kusi ina yake, na anayevuka kwenda Tanga kwa jahazi hamwahidi mtu siku ya kufika. Elimu hiyo niliipata bure, lakini nilipoanza kupokea mshahara wa Ulaya niliiona imepitwa na wakati, nikapanga safari ya bahari kama mtu anayepanga safari ya treni.

Bahari ya Aegean, viliko visiwa hivyo, ina upepo wake wa kiangazi, ambao Wagiriki huuita meltemi. Huvuma kutoka kaskazini, hasa Julai na Agosti, na hila yake ni kwamba huja chini ya anga safi, jua likiwaka, pasipo wingu wala tone la mvua. Ndiyo maana, katika safari yangu ile ya visiwa vinne, nilibisha asubuhi moja kisiwani Folegandros, nilipoambiwa kwamba vyombo vimezuiwa kusafiri. Nilisimama bandarini na masanduku matatu nikimwonyesha karani wa tiketi jua lilivyo zuri, naye, bila kusema neno, akanionyesha bahari, ambayo ilikuwa nyeupe kwa mapovu hadi upeo wa macho.

Meli haikuja kwa siku mbili, na kisiwa kile hakina kiwanja cha ndege. Nauli ya meli nilirudishiwa, kwani sheria ya Umoja wa Ulaya humlinda abiria ambaye meli yake imefutwa. Lakini ndege yetu ilikwisha kuondoka Athens bila sisi, na shirika lenyewe lilinijibu kwa adabu kubwa kwamba upepo wa baharini hauwahusu. Tulinunua tiketi mpya tatu kwa bei ya Agosti. Mke wangu hakunilaumu. Aliyenilaumu ni shemeji yangu, ambaye mwaka ule alisimama kwenye harusi, mbele ya watu wazima, akasimulia jinsi Mpemba alivyokwamishwa na upepo. Watu walicheka sana, nami mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Septemba iliyopita tulikwenda Amorgos, siku 9 zile zile, kisiwa kimoja tu, na nasema bila haya kwamba sijawahi kupanga safari vizuri kama ile. Nilianzia mwisho. Kabla ya kutafuta chumba nilitazama meli ya kurudi Piraeus, bandari ya Athens, nikaiweka siku mbili kabla ya ndege, ili upepo ukidai siku zake ule za Athens na usile tiketi zetu. Meli kubwa kati ya Piraeus na Amorgos huchukua saa saba hadi tisa hivi, kulingana na bandari inazopitia, na wengi huziogopa saa hizo wakakimbilia boti ziendazo kasi. Mimi nasema pandeni meli kubwa: nauli yake ni nafuu, mtu anakaa nje akapunga hewa, na bahari ikichafuka boti ziendazo kasi ndizo huzuiwa mapema. Angalieni pia jina la bandari. Amorgos ina mbili, Katapola na Aegiali, na kati yake ipo barabara ndefu ya milimani. Tulikutana na familia iliyolipia chumba upande mmoja na kushuka upande wa pili usiku, watoto wakiwa wamelala mabegani.

Septemba niliichagua kwa sababu maji bado yana joto la kiangazi kizima, na meltemi huanza kulegea. Katikati ya Agosti ni vurugu, kwani tarehe 15 ni sikukuu ya Bikira Maria na Wagiriki wengi hurudi visiwani kwao. Baada ya katikati ya Oktoba nyumba nyingi za wageni hufungwa. Kwa walio Dar es Salaam au Nairobi, viza ya Schengen huweza kuombwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na kiasi ambacho bima ya safari inaweza kulipia matibabu kisipungue euro 30,000. Mambo ya karatasi hayana raha, kwa hiyo naishia hapo.

Tulifanya nini siku zote hizo? Karibu hatukufanya kitu. Asubuhi tuliogelea, mchana maduka yalifungwa na watu wakalala, kama kwetu baada ya adhuhuri, na jioni tulikula patatato, nyama ya mbuzi iliyopikwa na viazi, ambayo mke wangu aliikosoa kwa kukosa pilipili huku akiongeza sahani. Siku moja tulipanda ngazi za monasteri ya Hozoviotissa, jengo jeupe lililogandana na jabali juu ya bahari, ambalo mfalme Alexios I Komnenos wa Bizanti aliliimarisha mwaka 1088. Pale mavazi ya heshima ni sharti, na wageni kadhaa walisimamishwa mlangoni. Mke wangu, na kanga yake, alipita kama mwenyeji. Tulikaribishwa maji na kitamutamu kiitwacho loukoumi, laini kuliko haluwa, na glasi ndogo ya raki, pombe kali ya huko, ambayo niliirudisha kwa shukrani.

Sisi tuishio ughaibuni tuna maradhi ya kuhesabu visiwa kwa ajili ya picha, kisha Jumatatu tunarejea kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Kwa hiyo, msomaji wangu, futa vinne. Ikiwa shule za watoto zinakulazimisha Agosti, baki na Naxos, ambayo ni kubwa, ina kiwanja cha ndege na meli nyingi, hata moja ikifutwa hutakwama kama mimi. Amorgos iache mpaka utakapoweza kwenda Septemba. Shemeji naye ameniomba namba ya mwenye chumba chetu cha Katapola. Bado sijamjibu.