Tochi ya Kupimia Vimondo

SWALI: Shikamoo mzee. Nimesoma kwamba kimondo hukimbia hata kilomita 60 kwa sekunde moja. Nani kakipima, na kwa tochi gani? Sisi wa barabarani trafiki akitupiga tochi angalau tunamwona.
– Dereva wa daladala, Morogoro

JIBU: Marahaba, dereva. Tochi ya trafiki hapa ingesoma karibu sifuri! Kimondo chenyewe mara nyingi ni chembe tu, rada za kawaida hazikioni. Zinachokiona ni mkia wa elektroni kinaouacha kikiungua, kilomita 80 hadi 110 juu yetu. Mkia huo hurudisha mwangwi mzuri pale tu unapoukatiza mwale wa rada kwa pembe mraba, na hapo kimondo hakiji wala hakiendi, kinapita ubavuni. Tochi inajua kuja na kwenda tu.

Dawa ilipatikana Jodrell Bank, kituo cha utafiti Uingereza. Mwanafizikia Bernard Lovell alipeleka huko rada ya jeshi Desemba 1945, vita vimeisha, akitafuta miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kubwa kutoka anga za mbali. Akaambulia vimondo. Nicolai Herlofson, Mnorwe, ndiye aliyeshauri waangalie mwangwi unavyopanda na kushuka. Mkia unavyorefuka, mawimbi yanayorudi kutoka vipande vyake mara yanasaidiana, mara yanauana. Mimi niliyezeeka kwenye ufundi redio bado naona raha hapo: kero inayotusumbua kwenye antena, wenzetu wameigeuza saa. Chukua wimbi la mita 4.2 na mkia ulio umbali wa kilomita 200: kipande cha kwanza, kuanzia ile pembe mraba, kina mita 650 hivi. Kimondo cha kilomita 35 kwa sekunde hukimaliza kwa sehemu kama 2 za mia za sekunde. Gawanya urefu kwa muda, kasi hiyo. Ellyett na Davies, watafiti wa hapo Jodrell Bank, walilifanyia kazi wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1940.

Na palikuwa na ubishi wa kumaliza. Mwanaastronomia Ernst Öpik alishikilia kwamba vimondo vingi vinatoka nje kabisa ya himaya ya Jua. Sasa, kilichofungwa na Jua kinafika hapa na kilomita zisizozidi 42 kwa sekunde, Dunia ina 30 zake. Wakigongana uso kwa uso ni 72, basi; kinachozidi sana hapo kimetoka nje. Mary Almond, Davies na Lovell walipima vimondo vya kila usiku, wasione kundi la maana lililovuka hapo. Hizo 60 zako zinawafaa Perseidi, kundi la vimondo vya kila Agosti, wanaotujia karibu uso kwa uso kwa kilomita 59.