Chanjo ni nini, hutumika wapi, na kwa nini mama hurudishwa na mtoto wake

Assalamu alaikum. Ndugu yetu wa Kizingitini ameuliza chanjo ni nini hasa, ina matumizi gani zaidi ya kliniki ya watoto, na kwa nini mkewe alirudishwa nyumbani na mtoto wa miezi tisa kwa maelezo kwamba "watoto hawajatimia". Nilikuwa muuguzi katika zahanati za visiwa vya Lamu hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona, na swali la mwisho nitalipa nafasi kubwa zaidi kwa kuwa ndilo linalowakera kina mama.

Kuchanja ni kuutia mwili kijidudu kilichodhoofishwa au kuuawa, au kipande chake tu, au sumu yake iliyokwisha kuondolewa madhara, ili mwili ujitengenezee kinga kabla haujakutana na ugonjwa wenyewe. Zamani haikuwa hivyo. Watu wa China, India, Uturuki na sehemu kadhaa za Afrika walichukua usaha au magamba ya mgonjwa wa ndui halisi wakamtia mtu mwenye afya, puani au kwenye mchanjo wa ngozi. Wengi waliugua kidogo wakapona, lakini baadhi walikufa, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza walio karibu naye. Huko Boston, ambako njia hiyo ilijulikana kwa maelezo ya Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, ndui ilipozuka mwaka 1721 walikufa kama watu 2 katika kila 100 waliochanjwa, na kama 14 katika kila 100 walioambukizwa bila kuchanjwa. Mwaka 1796 Edward Jenner wa Uingereza alimchanja mtoto kwa ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, na hiyo ndiyo njia iliyoishia kuing'oa ndui duniani. Kwa hiyo anayesema leo kwamba mtoto "anatiwa ugonjwa" anaelezea mambo ya kabla ya Jenner. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui katika maisha ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, pwani hii hii ukishapita Kiunga na Kismayu, mwezi wa Oktoba 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye alishiriki katika kampeni za chanjo ya polio nchini mwao.

Kuhusu matumizi, watu wengi hudhani chanjo zote hufanya kazi namna moja. Surua huenda kwa hewa, na mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo maana hutakiwa watoto kama 95 katika kila 100 wawe na kinga ili hata kichanga ambaye hajafika umri wa kuchanjwa apate kusitirika. Pepopunda ni jambo jingine kabisa. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, na haliambukizwi na mtu, kwa hiyo kinga ya jirani yako haikufai kitu. Katika mji wa Lamu, ambamo punda hupita katika kila kichochoro na watoto hutembea pekupeku, sioni chanjo ambayo mtu mzima hupaswa kuikumbuka kuliko hiyo. Mama mjamzito huchanjwa ili kinga imfikie mtoto tumboni, kwa sababu kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu kimewaua vichanga wengi. Kichaa cha mbwa nacho kina chanjo inayofaa hata baada ya mtu kung'atwa, mradi jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na sindano zisicheleweshwe. Na mahujaji wetu wanajua kwamba Saudi Arabia hairuhusu kuingia bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo.

Sasa nije kwa mkeo. Chanjo anayopewa mtoto wa miezi tisa ni ya surua, nayo huja ikiwa unga, mara nyingi chupa moja ya watoto 10, na ikishachanganywa na maji yake hutakiwa kutupwa baada ya saa 6, hata kama imetumika kwa mtoto mmoja tu. Chupa hizo zimesafirishwa kwa boti kutoka ng'ambo zikiwa ndani ya sanduku la baridi, kwenye nyuzi 2 hadi 8, na muuguzi anayeandika ripoti ya chupa zilizotupwa huona vigumu kumfungulia mtoto mmoja. Namwelewa, lakini simuungi mkono. Chupa ni rahisi kuliko mtoto mwenye surua kisiwani, ambako kumfikisha hospitali hutegemea maji kujaa na mafuta ya boti, na mama aliyerudishwa leo huenda asirudi tena. Nikiwa kazini nilifungua. Baridi nayo ina mipaka yake, maana wapo wanaodhani kuzidisha barafu ni kuzidisha usalama, ilhali sindano ya pepopunda, na ile wanayodungwa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ikiganda huharibika na haifai tena hata ikiyeyuka.

Mkeo arudi kesho yake, asingoje mwezi mwingine, achukue kitabu cha kliniki, na amwambie muuguzi wazi kwamba mtoto amekwisha kurudishwa mara moja. Wakikataa tena, aulize ni siku gani ya wiki chupa hufunguliwa, na akubaliane na kina mama wengine wa mtaa waende pamoja. Sindano ya pili ya surua itamngoja mtoto akitimiza miezi 18. Akichelewa kwa yoyote kati ya hizo asiogope kwenda, kwa kuwa ratiba iliyokatika haianzwi upya. Huendelezwa pale ilipoachwa.